Mikono ya Hirsi wa Kotile

Kaka yangu Hirsi alikuwa na kazi ambayo watu hawaitaji wakiwa wanakula, ingawa nyama itokayo humo wanaila. Alihasi mafahali. Kuanzia Kotile alikozaliwa hadi Masalani na ng'ambo zote za mto Tana, mwenye ng'ombe akitaka ndama wake dume awe maksai, alimwita Hirsi. Alikuwa na koleo la chuma lenye mikono mirefu, alilouziwa na ofisa wa mifugo aliyestaafu, na kwa hilo alibana mshipa bila kumwaga damu. Ndama alilia mara moja, akajikung'uta, akarudi kwenye majani. Waliotumia kisu walipoteza ndama kwa vidonda na nzi. Hirsi hakupoteza, na alihakikisha kila mtu anajua kwamba hakupoteza. Mimi ni dada yake mdogo, Sirad, muuza maziwa wa Soko Mugdi mjini Garissa, na nasema bila kumpendelea wala kumwonea kwamba maringo yalimzidi kimo.

Kila mteja aliambiwa maneno yale yale: ukitaka maksai mrefu, niite mapema. Na hilo ni kweli, mfugaji yeyote atakuonyesha. Chukua ndama wawili wa ng'ombe mmoja, umhasi mmoja angali mdogo, mwingine umwache. Aliyeachwa atanenepa shingo, atajaa kifua, kisha atasimama hapo hapo. Aliyehasiwa ataendelea kupanda. Miguu itarefuka, nyonga zitainuka, kifua kitabaki chembamba. Hirsi hakujua kwa nini mifupa inafanya hivyo, wala hakujali. Yeye alitaka tu mteja aone kimo na amsifu.

Sasa fikiria mtu mwenye jicho la namna hiyo anapomwangalia mwanawe.

Hamze alikuwa kifungua mimba wake. Vijana aliokua nao walikuwa wameshaoa na kubebeshwa watoto mgongoni, yeye bado anarefuka. Macawiis, ile shuka ya kiunoni, ilimfika chini mwaka huu, mwakani ikampanda kwenye muundi. Ndevu hana, hata kivuli chake. Sauti ilikuwa ile ile ya utotoni, nyembamba na safi, na mwalimu wa chuo aliipenda mno akisoma Kurani hata hakutaka iondoke. Mwanzoni Hirsi alijivunia urefu ule. Halafu siku moja penye malambo, Hamze akiwa amesimama katikati ya maksai akiwanywesha, baba mtu aliinua macho akaona. Miguu ile. Kifua kile. Mikono inayokaribia magoti. Aliniambia baadaye kwamba aliona maksai mmoja zaidi kati ya maksai wake.

Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amepita mhubiri mmoja mgeni, akasema msikitini kwamba anayebadilisha umbo aliloliumba Mungu atayakuta malipo yake nyumbani kwake. Sheikh wetu wa Kotile alikuwa akisema miaka yote kwamba kuhasi mnyama kwa manufaa hakuna ubaya. Lakini mtu mwenye hofu hamchagui sheikh mpole. Hirsi alilifunga koleo kwenye gunia, akawaambia wateja bega linamuuma. Mkewe Barwaqo alimpaka mafuta ya kondoo kwenye bega lile zima kabisa, naye akakubali kupakwa.

Hirsi na Hamze walinijia Garissa mwaka wa tisini na tatu, mji ukiwa umefurika watu waliokimbia vita Somalia, kila ua lina jamaa wa jamaa. Nilianza kumfokea mlangoni kwa kuja bila kunitumia habari. Hamze alipokwenda msikitini, Hirsi akakaa juu ya mtungi wa maziwa uliopinduliwa, akaiangalia mikono yake pande zote mbili.

"Sirad," akasema, "nimemhasi mwanangu."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wake wa kazini. Kisha nikaona yeye hacheki, nikakaa chini. Alinieleza yote, kuhusu malambo na mhubiri na mafuta ya kondoo. Alisema huenda kila ndama aliyempita mikononi alichukua kidogo kwa Hamze, mpaka kikaisha. Nilimwambia huo ni upuuzi. Lakini nilipomtazama Hamze akirudi, akiinama kupita mlango ambao baba yake anaupita wima, na mimi niliingiwa na hofu. Mimi pia nimekulia kwenye ng'ombe.

Hospitalini tulipata daktari Mkamba aitwaye Musyoka, mtu mtaratibu, mwenye tabia ya kukata kucha mgonjwa akiwa anaeleza. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na aibu ya kusimama baina ya kaka yangu na mwanawe katika maneno yale sitaki kuikumbuka. Hamze alitazama ukuta. Mwishowe Hirsi akaniweka kando akasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha mnadani: "Daktari, hii kijana mifupa yake haisimami. Inaenda tu. Mimi kazi yangu nahasi ng'ombe. Sasa nauliza, hii kitu imerudi kwa mtoto?"

Daktari aliacha kucha zake. Hakucheka, na kwa hilo nilimsamehe kucha. Alisema swali hilo atalijibu akishajua analolijibu. Akaagiza picha ya kiganja na damu ya kupelekwa Nairobi.

Picha ilitoka siku hiyo hiyo. Aliiinua dirishani tukaona mifupa ya Hamze, na karibu na kila ncha palikuwa na ufa mweusi, mfupa na kichwa chake havijagusana. Alisema hapo penye ufa ndipo mfupa unapoongezeka, na kila mtoto anao. Mtu anapobalehe, mwili hutoa homoni, yaani dawa ya mwili wenyewe inayotembea na damu kupeleka amri, na amri ile huuziba ufa. Hapo mtu huacha kurefuka. Kwa umri wa Hamze, ufa ulipaswa kuwa umezibwa zamani. Tusubiri damu, akasema.

Kusubiri kule ndiko kulikonionyesha kaka yangu mwingine. Hakula. Alikwenda mtoni akarudi, akaenda msikitini akarudi, kisha akasimama uani akimwangalia Hamze kwa jicho la mnunuzi asiyetaka kununua. Alimsimamisha kwenye mhimili wa mlango wangu, akachora mstari wa mkaa juu ya kichwa chake. Nilimuuliza mkaa utasaidia nini. Akasema anataka kuona kama unapanda. Nami, Mungu anisamehe, kila nikipita nilitupa jicho pale.

Ili kijana asiendelee kukodolewa macho nilimpa kazi. Maziwa yangu hutoka maporini asubuhi, mitungi ya watu mbalimbali, na kabla sijaimimina pamoja naufungua kila mmoja na kuunusa. Mtungi mmoja uliochacha ukichanganywa na mingine, biashara ya siku imekwenda. Asubuhi hiyo mwenye hoteli mmoja alikuwa anabishana nami, nikamwambia Hamze aendelee. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alifungua, akainama, akavuta pumzi, akatikisa kichwa kama nifanyavyo mimi, akamimina. Nilipomalizana na yule mwenye hoteli nikakuta pipa zima linanuka kiasi cha kumwamsha mgonjwa.

Nilimfokea mpaka wauzaji wenzangu wakaja kutazama. Nilimuuliza kama pua yake ni ya mapambo. Alisimama, mrefu namna ile, machozi yakimlenga, akasubiri nimalize.

"Eedo," akasema, maana ndivyo tunavyoitwa shangazi, "mimi huinamisha pua kwa sababu watu wote huinamisha. Sijawahi kujua mnatafuta nini humo ndani."

Nilidhani ananijibu kwa ujeuri. Nikamuuliza, na moshi? Na ardhi mvua ikianza? Na mzoga? Akasema moshi unamuuma macho. Yale mengine aliyachukua kuwa ni adabu tu, watu husema chakula kinanukia kwa kumheshimu mpishi. Nilimpelekea Hirsi mashtaka. Akasema ni kweli, ng'ombe akifa ni Hamze anayeburuta mzoga, na hajawahi kukunja uso. Walikuwa wakimsifu kwa moyo mgumu.

Majibu yaliporudi, daktari alituketisha. Alisema si homoni ya kiume peke yake iliyokosekana, bali hata ile ya juu yake, inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo kuja kuiamrisha. Kisha akamwambia Hamze afumbe macho, akafungua kopo la kahawa yake, akaliweka chini ya pua ya kijana. Hamze akangoja. Daktari akaweka sabuni. Hamze akauliza kama afumbue.

"Daktari," nikasema, "huyu aliniharibia pipa zima la maziwa."

Ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu, na si kwa furaha, bali kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni. Akaeleza polepole, nami nikatafsiri. Mtoto akiwa tumboni, zile chembe zitakazotoa amri ya kubalehe haziumbwi kichwani. Huanzia puani, zikapanda hadi kwenye ubongo kwa njia ile ile ya mishipa ya kunusa. Njia isipotengenezwa, vyote viwili vinakosekana, harufu na amri. Ng'ombe wanaohasiwa nao hukosa homoni ya kiume, ndiyo maana mifupa yao hukawia kuziba. Akamgeukia Hirsi, akasema naye moja kwa moja: "Mzee, jicho lako halikukosea. Lakini mikono yako haimo. Hili lilikuwa limeshatokea kabla hujamshika mtoto huyu."

Hirsi akafunika uso. Nilimsikia anavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu afike kwangu.

Laiti daktari angeishia hapo. Akauliza kama mama wa kijana ana kaka, na kaka huyo yukoje. Mimi na wifi yangu Barwaqo hatukuwahi kugombana, lakini ukoo wao hutembea shingo juu, na nilikuwa nimevumilia shingo hizo miaka mingi. Nikajibu kabla Hirsi hajafungua mdomo. Nikasema alikuwepo Mustaf, mrefu kuliko mlango, hana ndevu, hakuoa, alikwenda Kismayu akafia huko. Daktari akaitikia kwa kichwa. Alisema maagizo ya kuujenga mwili huandikwa katika jeni ambazo mtoto hurithi kwa wazazi, na jeni hii ni miongoni mwa zile ambazo mtoto wa kiume huzipata kwa mama peke yake. Wataalamu waliigundua juzi tu. Mama huibeba bila kuugua. Mwanawe anaweza kuipata, anaweza kuponea chupuchupu. Nilitafsiri neno kwa neno, na sikupunguza chumvi.

Nilitarajia Hirsi asimame wima kwa kuondolewa lawama. Badala yake akauliza: "Na msichana yangu?"

Binti yake Ilhan alikuwa ameposwa na watu wa Masalani, harusi ikisubiri mvua. Daktari akasema huenda anaibeba, huenda haibebi. Hakuna aliyeweza kumwambia kutoka pale Garissa. Ingejulikana kwa watoto wake wa kiume, kama Mungu angempa.

Kuhusu Hamze, habari zilikuwa njema. Sindano kila mwezi, na sauti itashuka, ndevu zitaota, ufa utaziba. Bila sindano mifupa ingezidi kurefuka huku ikidhoofika, hadi ivunjike kwa kujikwaa tu. Kuhusu watoto, kulikuwa na matibabu mengine Nairobi, na daktari hakutuahidi. Hamze aliposikia hayo aliuliza jambo moja tu, kama sindano zitamfanya anuse. Akaambiwa hapana. Akasema basi maziwa ya eedo yatafutiwe mtu mwingine.

Tulipotoka, Hirsi alinishika mkono langoni. Aliniambia yale ya mama yaishie mle ndani. Nikamuuliza kwa nini, na yeye ameondolewa mzigo na mtu aliyesoma. Akasema watu wote wanamkumbuka Mustaf. Wakijua kwamba ni damu ya Barwaqo, wale wa Masalani watarudisha maneno yao kabla ya Ijumaa, na Ilhan atakaa nyumbani mpaka azeeke. Nikasema basi waambie ni mapenzi ya Mungu. Akasema watu hawaridhiki na hilo, wanataka mahali pa kunyooshea kidole. Nilimwona anahangaika upya, na hofu hii ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu haikuwa na daktari wa kuiendea.

Barwaqo hakuweza kusubiri Kotile. Alidandia lori la mifugo, akaingia uani kwangu vumbi hadi kwenye kope, hakusalimu, hakunywa maji. Nilikuwa nimemzoea akiwa na shingo yake. Siku hiyo hakuwa nayo. Alimtazama mumewe akauliza jambo ambalo, niligundua papo hapo, alikuwa amelibeba tangu mtoto akiwa mdogo.

"Ni ya Mustaf?"

Nilifungua mdomo. Hirsi hakunitazama hata kidogo.

"Hapana," akasema. "Ni mikono yangu. Daktari amesema ni kazi yangu, na nikiiacha atapona."

Barwaqo akaketi pale pale kwenye vumbi akalia. Alilia kwa sauti, na nilivyomsikia hakuwa analia kwa huzuni, bali kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akainuka akamtukana Hirsi, akamwambia alimwonya juu ya chuma kile tangu siku ya ndoa, akamwita muuaji wa uzao wake mwenyewe. Hirsi akainamisha kichwa, akapokea yote. Mimi nilikwenda kuosha mitungi iliyokwisha kuoshwa.

Koleo alimpa Billow, kijana mmoja wa Masalani ambaye hata leo hajui kulishika. Habari zilienea kama alivyotaka. Watu wakasema Hirsi ametubu, na mwanawe akapona kwa toba yake, kwa maana sindano hazikuonekana na ndevu zilionekana. Sauti ya Hamze ilivunjika Ramadhani iliyofuata, mwalimu wa chuo akaomboleza, na mstari wa mkaa mlangoni kwangu ukapanda kidogo, kisha ukasimama. Ilhan akaolewa. Lakini tangu hapo hakuna mtu wa Kotile aliyemwachia Hirsi ndama mchanga amshike. Ng'ombe akizaa naye akiwa karibu, walimwomba kwa heshima asogee. Yeye aliyekuwa akiitwa kutoka ng'ambo ya mto alisogea, akasimama mbali, mikono nyuma. Mimi yaliniuma sana, na mara nyingi nilikaribia kuwaropokea ukweli.

Mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua za El Niño kukata barabara na kuua mifugo ya watu, Hirsi alikuja Garissa na Barwaqo na mtoto wa kiume wa Ilhan, aitwaye Fathi, aliyekuwa ameanza kusema maneno kamili. Alisema wamekuja kunijulia hali baada ya mafuriko. Uongo mtupu. Barwaqo alipoingia ndani kubadilisha nguo, Hirsi akaniuliza kwa kunong'ona kama nina maziwa yaliyochacha.

Nilikuwa nayo. Nililijaza bakuli, nikampa. Akachuchumaa mbele ya mjukuu wake, na nikaona anashindwa kulinyanyua. Alikuwa amesubiri jibu hili tangu langoni mwa hospitali, miaka yote ile amesimama mbali na ndama za watu. Nikamshika mkono, tukalinyanyua pamoja hadi chini ya pua ya mtoto.

Fathi akatutazama mmoja mmoja. Kisha uso wote ukakunjamana, akasema "Inanuka," akalipiga bakuli kofi. Maziwa yakamwagikia Hirsi mikononi na kifuani. Akakaa chini kwa kishindo, akasema Alhamdulillahi, akairudia mpaka sauti ikamkauka.

Barwaqo akatokea mlangoni, akaona mtoto analia, bakuli liko chini, na uvundo umejaa uani. Akauliza ni mtu gani mwenye akili anayempa mtoto maziwa mabovu. Hirsi akasema alikuwa anamfundisha biashara ya bibi yake Sirad.

"Mikono yako hiyo, Hirsi," Barwaqo akasema. "Bado haijachoka kuharibu watoto?"

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa anajifuta maziwa kwenye macawiis, machozi yakimtiririka.

"Bado," akasema. "Nisamehe."

Barwaqo akambeba mtoto, akaniambia Ilhan ni mjamzito tena, karibu kujifungua. Hirsi akaniuliza kwa sauti ndogo kama nitakuwa na maziwa mengine yaliyochacha.